HALALI YAULIZWA, NJEMA HAIULIZWI
Unene wa vijana wetu kijijini, viungani na mjini

 

Ndugu Waislamu, tunajua kwamba baadhi ya wasomaji watashangaa kuliona jambo hili katika kurasa ambazo kwa kawaida hujadili tawhidi, bid'a, mirathi na hali za Waislamu. Watauliza: unene wa watoto unahusiana nini na da'wa? Wengine watacheka kabisa, wakisema hayo ni maradhi ya Wazungu walioshiba, ilhali sisi tungali tunahangaikia mlo wa jioni. Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya hao wanaocheka, kabla ya wengine wote.

Tuanze na hesabu, maana kicheko hicho kimesimama juu ya kutojua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 19 waliozidi uzito walikuwa zaidi ya milioni 390, na miongoni mwao milioni 160 walikuwa wamefikia hatua ambayo wataalamu wetu wa afya huiita kiribatumbo. Mwaka 1990 waliozidi uzito walikuwa asilimia 8 ya rika lao. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 20. Hapa Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ule wa mwaka 2015-16 ukakuta asilimia 28. Mijini ilikuwa asilimia 42, na vijijini 21. Atakayesema kwamba hao ni kina mama, wala si vijana, ajiulize mama huyo alianza kunenepa akiwa na umri gani, na ni nani wanaokula naye chungu kimoja.

Uchunguzi huo huo wa 2015-16 ulikuta pia kwamba asilimia 34 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Basi nchi ni moja, mtaa ni mmoja, na wakati mwingine nyumba ni moja: mtoto mdogo amedumaa na dada yake wa miaka kumi na sita anapumua kwa shida akipanda ngazi. Mwenye kudhani kwamba umaskini unamkinga mtu na unene hajaitazama nyumba ya jirani yake.

Wala haya hayapingani. Mwaka 1944-45 Uholanzi ilipatwa na njaa kali wakati wa vita. Vijana wa kiume ambao mama zao walikumbwa na njaa ile katika nusu ya mwanzo ya mimba walipopimwa kwa ajili ya jeshi, wakiwa na miaka 19, wengi zaidi kati yao walikutwa wanene kuliko vijana ambao mama zao hawakupatwa na njaa. Mwili ulioonja dhiki tumboni hujifunza kuweka akiba, na ukija kukutana na sukari na mafuta tele, huweka akiba hiyo mpaka ikawa mzigo. Watu waliotoka katika dhiki juzi tu, kama sisi, ndio wanaopasa kuogopa zaidi.

Tuingie sasa katika dini, kwani huko ndiko hoja yetu iliko. Allah (s.w.) katika sura ya Al-Baqara, aya ya 168, anawaamrisha watu wote kula vilivyomo ardhini kwa sharti mbili zilizofungamanishwa: kiwe halali na kiwe kizuri, yaani twayyib. Waislamu wa leo wameishika sharti ya kwanza kwa meno na kuiacha ya pili njiani. Muislamu akifika kwenye banda la chipsi huuliza, na ana haki ya kuuliza, kama kuku amechinjwa kisharia. Lakini hamwulizi muuzaji mafuta yale meusi yamekaanga mara ngapi tangu Jumatatu. Akiambiwa aliyechinja ni Muislamu, husema bismillahi, akamnunulia mwanawe chipsi mayai na soda juu yake, kisha akahesabu kwamba ametimiza wajibu wa mzazi. Halali ameiuliza, njema hakuiuliza.

Na katika sura ya Al-A'raf, aya ya 31, tunaruhusiwa kula na kunywa na papo hapo tunakatazwa israfu. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.), alieleza kwamba mwanadamu hajapata kujaza chombo kibaya kuliko tumbo lake, kwamba matonge machache ya kumsimamisha mgongo yanamtosha, na ikiwa hapana budi basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Hadithi hii tunaisoma darasani, kisha tunatoka darasani kwenda kwenye sinia. (Na kwa kuwa tumo katika jambo hili, tuwakumbushe baadhi ya wahubiri wetu kwamba yale maneno mashuhuri ya kuliita tumbo nyumba ya maradhi si hadithi ya Mtume, ijapokuwa maana yake ni njema. Ibn al-Qayyim alibainisha katika Zad al-Ma'ad kwamba ni maneno ya Harith bin Kalada, tabibu wa Waarabu. Hatuhitaji kumsingizia Mtume ili watu wapunguze kula.)

Sasa hebu tumtazame kijana wenyewe mahali anapoishi, kwa sababu wengi wetu hulitupa jambo hili lote juu ya mabega yake: mlafi huyu, mvivu huyu. Ulafi upo na uvivu upo. Lakini kijana wa Rufiji na kijana wa Upanga wana nafsi ile ile yenye matamanio yale yale, na miili yao haifanani. Basi kuna jambo jingine zaidi ya nafsi.

Kijana wa kijijini bado, kwa walio wengi, anatembea. Anakwenda shule ya kata kwa miguu, safari ndefu kwenda na kurudi. Akirudi kuna jembe, kuna kuni, kuna ndoo ya maji. Chakula chake ni muhogo, ugali, mboga za majani, dagaa au samaki akipatikana. Huko hatari iliyo kubwa hadi leo ni upungufu, wala si wingi, na tusije tukawahubiria kupunguza kula watu ambao hawajashiba. Lakini kijiji nacho kimeanza kubadilika. Mashine ya kukoboa imefika, na dona limeonekana kuwa chakula cha mtu duni. Kila mtu anataka sembe jeupe, ambalo makapi na kiini chake vimeondolewa na kubaki wanga mtupu. Mafuta ya kula yanauzwa dukani kwa kupimwa, yakifungwa katika vimfuko vidogo, kwa hiyo hata asiye na pesa ya chupa hupata ya kukaangia leo. Bodaboda imefuta safari za miguu. Fedha za korosho zikiingia, soda ndiyo heshima ya mgeni na ya mtoto. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature, uliotazama uzito wa watu wazima tangu 1985 hadi 2017, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya ongezeko lote la duniani lilitoka vijijini. Wanawake wa Afrika kusini ya Sahara walikuwa nje ya mwelekeo huo. Kwao mji ungali unaongoza. Kwa hiyo vijiji vyetu bado vina nafasi ya kujihadhari, nafasi ambayo miji imekwisha kuipoteza.

Mjini habari zake zinajulikana, hatutazirefusha. Mtoto wa ghorofa la Kariakoo au Upanga anachukuliwa na basi la shule kabla jua halijachomoza na kurudishwa karibu na magharibi. Kutwa amekaa: garini, darasani, garini tena. Akifika nyumbani kuna masomo ya ziada, kuna televisheni, kuna simu. Nje hapachezeki, ni magari na wapita njia. Chini ya ghorofa pana banda la chipsi linalowaka taa hadi usiku wa manane. Analala saa sita na kuamka saa kumi na moja, na tunajua kwamba ukosefu wa usingizi nao huchochea njaa na kuongeza uzito. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Bukhari, alikuwa hapendi mazungumzo baada ya Isha. Katika nyumba nyingi za Waislamu mjini, baada ya Isha ndipo tamthilia zinapoanza, na sahani ya karanga na biskuti iko katikati ya mkeka.

Viunga ndivyo vinavyotusikitisha zaidi, na hapa tunaomba msomaji awe na subira. Mbagala, Chanika, Chamazi, Gongo la Mboto, Bunju: miaka michache tu iliyopita sehemu kubwa ya maeneo hayo ilikuwa mikorosho, minazi na miembe. Yalikatwakatwa viwanja, kila mtu akajenga mpaka mwisho wa mpaka wake, na hakuna aliyeacha nafasi ya watoto. Kijana wa huko amenyimwa jembe la kijijini na hakupewa bustani wala uwanja wa mjini. Wazazi wake wanaondoka alfajiri kuwahi usafiri wa Kariakoo na Posta, wakarudi usiku wamechoka. Hakuna wa kupika mchana. Anaachiwa hela, na hela hiyo inaishia kwenye maandazi, chipsi, barafu na soda, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyopo mlangoni, ndivyo vinavyoshibisha upesi na ndivyo rahisi. Embe limeliwa kiwanja, mchicha wa bondeni umefukiwa kifusi. Ukimwita kijana huyu mlafi, utakuwa umemhukumu aliyefungwa kwa kosa la aliyejenga jela.

Katika viunga hivyo hivyo Waislamu ndio tulio wengi. Viwanja vilivyouzwa vingi viliuzwa na Waislamu, urithi wa wazee Waislamu, na wanunuzi wengi walikuwa Waislamu. Misikiti imejengwa, alhamdulillah, na shule zimejengwa. Lakini tazama baadhi ya shule zinazobeba majina ya masahaba: ghorofa mbili juu ya kiwanja cha nyumba moja, geti la chuma, ua usiotosha hata safu mbili za swala. Watoto mia kadhaa wanaingizwa humo asubuhi na kutolewa jioni. Dukani mwao pana soda, biskuti na peremende, kwa sababu duka lina faida. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kijana wa umri wa miaka 5 hadi 17 apate angalau wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchosha mwili. Tunawauliza wamiliki wa shule hizo: dakika hizo 60 atazipatia wapi? Kwenye ngazi?

Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi kati ya Hafya na Thaniyyatul Wadaa, akapita kwa watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga mishale akawatia moyo, na Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wake siku ya Idi, naye yupo anawatazama, yote haya ni katika Bukhari. Ilikuwa dini ya watu wenye miili inayofanya kazi. Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko muumini dhaifu, kama ilivyo katika hadithi ya Muslim, ingawa kwa wote wawili mna kheri. Wanachuoni wengi huitafsiri nguvu hiyo kwa imani na azma, nasi tunakubali. Lakini hatujaona aliyesema kwamba inatimia kwa kifua kinachokatika pumzi katika rakaa nne.

Tumefika sasa mahali ambapo baadhi ya ndugu zetu watakasirika. Ni juu ya mabinti.

Kijana wa kiume, hata katika viunga vilivyobanana, hupata mpira wa makaratasi na kichochoro. Binti akishavunja ungo huingizwa ndani. Katika baadhi ya jamii za pwani desturi ya mwali ilikuwa kuwekwa ndani muda mrefu, akalishwa, asifanye kazi, mpaka atoke mweupe na mnene, na unene huo ukahesabiwa kuwa ndio uzuri wake. Desturi hiyo imefifia, lakini roho yake imebaki, nayo sasa imevaa kanzu ya dini. Tunaambiwa kwamba binti wa Kiislamu hakimbii, haruki, hachezi, kwa sababu ni fitna. Vipindi vya michezo anaandikiwa ruhusa ya kutoshiriki. Anatoka shuleni kwenda madrasa kwa bajaji, anatoka madrasa kwenda jikoni. Kwa mujibu wa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2016, asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawapati harakati za kutosha, dhidi ya asilimia 78 ya wavulana. Hakuna upande unaoweza kujisifu, lakini wasichana wako nyuma karibu kila mahali, na kwetu pengo hilo tunalipa dalili za kisharia ambazo halina.

Tunauliza: dalili iko wapi? Mama wa Waumini, Bi Aisha (r.a.), anasimulia mwenyewe katika Sunan ya Abu Daud kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini akamshinda. Kisha baadaye, alipokwisha kuongezeka mwili, wakashindana tena, na safari hii Mtume ndiye aliyeshinda, akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni kwa ile. Msomaji aizingatie vizuri riwaya hii. Mtume wa Allah alishindana mbio na mkewe. Mkewe alipoongezeka mwili hakumkejeli wala hakumwambia akae chini kwa kuwa sasa amekuwa mtu mzima. Alimwalika kukimbia tena. Na Bi Aisha, mwanachuoni aliyefundisha umma huu sehemu kubwa ya dini yao, hakuona aibu kuyasimulia yote mawili, kushinda kwake na kushindwa kwake. Leo mtu anasimama kwa jina la Sunna akimzuia binti wa miaka kumi na tatu kuruka kamba ndani ya ua wa nyumba yao.

Watatuuliza: basi mnataka mabinti zetu wavae kaptula na kukimbia barabarani mbele ya wanaume? Hatutaki hivyo, wala msomaji wa nia njema hakufahamu hivyo. Riwaya zinaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha masahaba wake watangulie, ndipo akashindana na mkewe. Stara ilikuwapo na mbio zilikuwapo. Tunachosema ni kwamba anayemtaka binti ajistiri ana wajibu wa kumpatia mahali pa kujistiri ambapo mwili wake utafanya kazi. Ua wa shule wenye ukuta, saa moja jioni ambayo wavulana hawaingii, mwalimu wa kike, vazi pana linaloruhusu kukimbia. Haya si mambo ya gharama. Yanakosekana kwa sababu hayajawahi kuwa ajenda ya kikao chochote cha kamati, na kamati hizo, tuseme kweli, hazina mwanamke hata mmoja.

Ndugu mmoja alitujibu katika mjadala kwamba unene ni majaaliwa ya Mwenyezi Mungu, na mwingine kwamba ni maumbile ya ukoo. Urithi wa ukoo upo na madaktari wanaukubali. Lakini miili ya koo za Waislamu wa pwani haikubadilika kati ya mwaka 2010 na 2015. Kilichobadilika ni chungu, njia na kazi. Na majaaliwa hayajapata kuwa udhuru wa kuacha sababu, vinginevyo tusingemfunga ngamia wala kumchanja mtoto.

Wapo pia wanaoutafuta unene kwa makusudi. Katika miaka ile ukimwi ulipokuwa unawakondesha watu mbele ya macho yetu, wembamba ulianza kutiliwa shaka, na mama alifurahi kumwona bintiye amejaa, kwa kuwa ilikuwa dalili ya salama. Hofu ile tunaielewa. Lakini siku hizi dawa za kufubaza virusi zipo, na aliyeambukizwa akizitumia ipasavyo huweza kuwa na mwili kama wa mtu mwingine yeyote. Kumpima mtu afya kwa mashavu yake hakuna maana tena. Kinachomsubiri kijana aliyezidi uzito ni kisukari cha ukubwani kinachokuja mapema, shinikizo la damu, magoti yanayouma kabla ya wakati, na kwa mabinti baadhi yao uzazi wenye matatizo.

Upande wa pili wa jambo hili ni ulimi. Mitaani kijana mnene huitwa bonge, kibonge, tipwatipwa, na hata walimu wa madrasa humwita hivyo mbele ya wenzake. Katika sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, Waumini wamekatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina ya kuudhi, na hatuoni kwamba aya hiyo imewatoa wanene. Masahaba walipocheka miguu myembamba ya Ibn Mas'ud (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliwafahamisha kuwa miguu hiyo katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Na wale wanaoichukua hadithi ya Imran bin Huswayn (r.a.), inayotaja kudhihiri kwa unene katika karne za baadaye, wakaifanya fimbo ya kuwapigia watu, warejee kwa wafafanuzi wake: kinachosemwa vibaya ni kujitafutia unene kwa kujistarehesha, wala si mwili ambao mtu ameumbwa nao. Tunapigana na sufuria na kiti, hatupigani na mtoto.

Tena tusiwahubirie vijana tukiwa na masinia mikononi. Mara ngapi jarida hili limepinga khitma na karamu za matanga, na limefanya hivyo kwa dalili? Lakini walima zetu, akika zetu na semina zetu za da'wa hazina tofauti kwa upande wa sinia: pilau la mafuta, kreti za soda, na chakula kinachobaki kinatupwa. Soda ya kola ya mililita 350 hubeba gramu 35 au zaidi za sukari, kadiri ya vijiko vidogo tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu inayotokana na chakula cha siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya nusu ya hapo, yaani karibu vijiko sita kwa siku kwa mtu mzima. Kijana anayehudhuria semina ya siku moja na kupewa soda mbili amefundishwa kiasi kwa maneno na israfu kwa vitendo. Na Ramadhani? Mwezi wa kujizuia umekuwa mwezi ambao bei ya sukari inapanda kwa wingi wa wanunuzi. Kijana anafunga kutwa, kisha kati ya magharibi na daku anakula kaimati, sambusa, tambi za sukari, uji wa sukari na wali wa nazi, akamaliza mwezi na uzito uliozidi ule alioanza nao.

Kuna watakaosema kwamba tunataka kuleta hapa wasiwasi wa nchi tajiri. Basi watazame nchi za Ghuba, ambako wengi wetu wana ndugu. Huko vijana wamefikia viwango vya unene vilivyo miongoni mwa vikubwa duniani, Kuwait ikiwa mfano unaotajwa mara nyingi. Nao hawakukaa kimya. Saudi Arabia mwaka 2017 iliweka kodi ya asilimia 50 juu ya soda na asilimia 100 juu ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Falme za Kiarabu zikafuata mwaka huo huo, na Oman mwaka 2019. Wale ambao sisi huwaiga kwa kanzu, kwa udi na kwa vyakula vya karamu, wametutangulia pia katika kuugua na katika kujaribu kujitibu, na katika hili la mwisho hatuwaigi.

Kodi ni mambo ya serikali, na kila mmoja ana nafasi yake ya kuizungumza na mbunge wake. Yaliyo mikononi mwetu hayahitaji mbunge. Kamati ya msikiti inaweza kuamua wiki hii kwamba futari na semina zitakuwa na maji, tende, madafu na matunda, na kreti la soda lisivuke mlango. Wenye shule wanaweza kuondoa soda na peremende dukani mwao kabla ya muhula ujao. Hasara ya duka hailingani na karo wanazopokea. Wazazi wanaweza kurejesha dona na maharage mezani bila kuona haya. Mwenye kuishi umbali wa dakika kumi kutoka msikitini amshike mwanawe mkono watembee, kwa kuwa hatua hizo zina ujira ulioahidiwa, na hatujasikia ahadi yoyote juu ya bodaboda. Na wale ambao bado wana mashamba huko Chanika, Mkuranga na Kisarawe, ambayo madalali wanayazungukia kila siku, tunawaomba kabla ya kukata kiwanja cha mwisho watenge kimoja, wakiandike wakfu, kiwe uwanja wa watoto wa eneo hilo, wenye sehemu iliyozungushiwa ukuta kwa ajili ya mabinti. Tumezoea kuweka wakfu wa kisima na wa msikiti. Uwanja pia ni wakfu, na ardhi bado ipo, ingawa haitakuwapo muda mrefu.

Tunafahamu kwamba masheikh kadhaa hawatakubaliana nasi juu ya suala la mabinti. Kurasa hizi ziko wazi kwao. Waandike, walete dalili zao, nasi tutazichapisha kama zilivyo pamoja na majibu yetu.

Wabillahi tawfiq.